Sura ya Sita: Siku za Kuujaribu Umeme Mgongoni

Swali ambalo wenye maumivu sugu huwauliza matabibu wao, na wasipopata jibu la kuwatua huwauliza jamaa zao, ni hili: maumivu yaliyonikalia kiunoni na miguuni kwa miaka, yaliyoshinda vidonge, sindano, kukandwa na hata kupasuliwa, yawezaje kuamuliwa kwa waya utakaokaa mwilini mwangu siku chache kisha ukang'olewa? Nyuma ya swali hilo lipo jingine ambalo wengi huona haya kulitamka: nikisema haukunifaa, je, sitakuwa nimejifungia mlango wa mwisho uliobaki? Sura hii yahusu siku hizo chache, na namna mgonjwa awezavyo kuziishi hata akatoka na jibu la kweli, liwe la ndiyo au la siyo. Nasema la kweli, sisemi la kupendeza, kwa kuwa rai yangu ni kwamba kinachopimwa katika majaribio haya ni kifaa wala si mgonjwa, na mgonjwa anayejiona yeye ndiye aliyetiwa mizanini ataharibu kipimo pasipo kukusudia.

Maumivu sugu, kama nitakavyoyataja humu, ni yale yaliyodumu zaidi ya miezi 3, aghalabu baada ya jeraha lililoyaanzisha kuwa limekwisha kufunga. Wanaopelekwa kujaribu kifaa hiki ni hasa wale ambao mishipa yao ya fahamu yenyewe imedhurika, kama vile waliopasuliwa mgongo na maumivu ya mguu yasiondoke, na baadhi ya wenye kisukari ambao nyayo zao huwaka moto usiku kucha.

Kifaa chenyewe ni kitu gani

Mtoto akigonga goti kwenye kizingiti, mama yake hulisugua kabla hata ya kuuliza limeumia wapi, na mtoto hupoa. Watu walifanya hivyo kizazi baada ya kizazi bila kuijua sababu yake, hata mwaka 1965 Ronald Melzack, Mkanada, na Patrick Wall, Mwingereza, walipotoa nadharia iliyoitwa ya lango. Walisema kwamba habari za maumivu zitokazo mguuni au mkononi haziendi ubongoni moja kwa moja, bali hupita katika ugwe wa mgongo, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu ulalao ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, na humo hukuta mahali panapoweza kuziachia au kuzizuia mfano wa lango. Na habari za mguso, ambazo husafiri katika nyuzi nene zaidi za fahamu, zikifika hapo kwa wingi, lango hufungwa kwa kiasi chake na maumivu yakapungua. Sehemu za nadharia hiyo zimerekebishwa tangu hapo, walakini ndiyo iliyowatia matabibu shauku ya kujaribu kulifunga lango hilo kwa umeme.

Hawakukawia. Mwaka 1967, nchini Marekani, daktari wa upasuaji Norman Shealy alimtia mgonjwa mwenye kansa ya pafu kifaa cha kwanza cha namna hii. Umeme wenyewe haukuwa mgeni katika uganga, maana katika karne ya kwanza Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi, aliandika kwamba mwenye kuumwa na kichwa au mwenye jongo hupata afua akiguswa na samaki wa jamii ya taa atoaye umeme. Mtu wa pwani hatastaajabu sana kwa habari hiyo. Atauliza tu ni nani aliyekubali kuwa wa kwanza.

Kifaa cha siku hizi kina waya mmoja au miwili myembamba yenye vituo vidogo vya umeme kwenye ncha yake, mara nyingi 8 kwa kila waya; kina mtambo mdogo wenye betri uzalishao mapigo ya umeme; na kina rimoti ambayo mgonjwa huitumia kuongeza na kupunguza nguvu. Katika majaribio, waya peke yake ndio huingia mwilini, na mtambo hubaki nje, umebandikwa mgongoni au umefungwa mkandani. Ikiwa majaribio yamefaulu na mgonjwa ameridhia, ndipo mtambo wa kudumu hupandikizwa chini ya ngozi, karibu na tako au ubavuni, kwa upasuaji mwingine wa siku nyingine.

Mapigo hayo ni ya namna mbalimbali, na inafaa kuzijua mbili. Ya zamani hupiga kiasi cha mara 40 hadi 60 kwa sekunde, na mgonjwa huhisi msisimko, mithili ya kutambaliwa au kuchezewa na ganzi nyepesi, mahali pale ambapo zamani palikuwa na maumivu. Ya pili hupiga mara 10,000 kwa sekunde na haihisiki kabisa. Ilikubaliwa kutumika Marekani mwaka 2015. Anayepewa hii ya pili asidhani kifaa kimekufa kwa sababu hasikii kitu.

Kwa mukhtasari: kifaa hakitengenezi diski iliyopasuka wala hakifufui mshipa uliokufa. Kazi yake ni kuvuruga habari ya maumivu njiani.

Siku ya kutiwa waya

Siku yenyewe huwa fupi kuliko hofu iliyoitangulia. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, hupigwa sindano ya ganzi, mara nyingine na dawa ya kumtuliza inayomwacha katika lepe la usingizi, kisha tabibu, huku akitazama mifupa kwa picha za eksirei zinazotembea, huingiza sindano yenye uwazi mpaka katika nafasi iliyo nje ya utando uuzungukao ugwe wa mgongo, na kupitia humo hupenyeza waya kwenda juu. Kwa mwenye maumivu ya kiuno na miguu, ncha ya waya aghalabu hufika mkabala wa pingili ya nane au ya tisa ya kifua, jambo linalowashangaza wengi, kwani huuliza mbona waya umepita mahali panapouma. Haukupita, mishipa ya miguu huingia katika ugwe juu zaidi kuliko tunavyodhani.

Kabla ya siku hiyo yapo mambo mawili ambayo mgonjwa hana budi kuyasema hata kama hakuulizwa. La kwanza ni dawa yoyote anayotumia ya kufanya damu iwe nyepesi, kwa sababu damu ikivuja katika nafasi ile finyu yaweza kuukandamiza ugwe. Lakini asiache dawa hiyo kwa shauri lake mwenyewe, maana huenda alipewa kwa ajili ya moyo, na kuiacha kiholela kuna hatari yake. La pili ni homa, jipu, au kidonda chochote, pamoja na kisukari kisichodhibitiwa, kwani waya utokao nje ya ngozi ni njia iliyo wazi kwa vijidudu.

Aidha, mahali pengi mgonjwa hukutanishwa na mtaalamu wa saikolojia, na wapo wanaokasirika wakidhani wameambiwa kwamba maumivu yao ni ya kuwazia tu. Sivyo. Mtaalamu huyo hutafuta huzuni nzito isiyotibiwa, na tamaa iliyopita kiasi, ambazo zote mbili hupotosha ushahidi utakaotolewa baadaye.

Nyumbani, pamoja na makatazo

Majaribio huchukua siku 3 hadi 7 nchini Marekani, na mahali pengine huko Ulaya huweza kufika wiki mbili au zaidi. Katika muda wote huo waya haujashikwa na kitu imara, na ukisogea hata kidogo ule msisimko uliokuwa mguuni waweza kuhamia mbavuni, au nafuu ikatoweka ghafla bila ya kifaa kuwa na kosa. Ndiyo sababu mgonjwa hukatazwa kuinama, kujinyonganyonga kiunoni, kunyoosha mikono juu ya kichwa, na kunyanyua kitu chenye uzito wa zaidi ya kilo mbili au tatu. Hukatazwa pia kuoga kwa maji ya kumiminika, na kuendesha gari kifaa kikiwa kimewashwa.

Makatazo haya huandikwa katika karatasi kwa maneno machache, na msomaji wa Kiswahili, awe Leicester, Toronto au Columbus, huyakubali yote hospitalini kwa kutikisa kichwa, kisha akafika nyumbani akagundua kwamba maisha yake yote ni kuinama. Kufagia kwa fagio la mkono ni kuinama. Kukuna nazi juu ya mbuzi ni kuinama na kusukuma kwa pamoja. Kumwinua mjukuu aliyekuja mbio na mikono yake imenyooshwa ni makatazo matatu kwa mpigo mmoja. Lifaalo ni kuzipanga kazi hizo kabla ya siku ya kwanza: vyombo vya kila siku viwekwe juu ya meza usawa wa kiuno, nguo ziwe za kufungua mbele, na jamaa waambiwe waziwazi, tena mapema, nani atafanya nini. Kwetu sisi mgonjwa akikaa huku wageni wameingia huona aibu, akainuka kwenda kuwatengea chai. Basi na aambiwe mtu mwingine, kwa jina lake, kwamba chai ya wiki hiyo ni yake.

Mwislamu ana swali jingine ambalo karatasi za hospitali hazilitaji, nalo ni swala. Rukuu na sijida ni kuinama hasa, na wapo ambao kwa kuona haya huswali kama kawaida, wakauhamisha waya siku ya kwanza. Sheria ina wasaa mkubwa hapa: asiyeweza kusimama huswali ameketi, na asiyeweza kuinama huashiria kwa kichwa, akiishusha ishara ya sijida chini kidogo kuliko ya rukuu. Udhu haugusi mgongo, ila kuosha miguu kwataka mtu wa kummiminia maji na kumfikia miguuni, au kiti na beseni lililoinuliwa. Josho ndilo lenye mushkili, kwa kuwa maji hayatakiwi kufika penye bandeji, na mwenye kupaswa nalo amuulize mwanachuoni anayemwamini juu ya kufuta na kutayamamu kabla ya kwenda hospitali, asingoje mpaka haja imfike usiku.

Usingizi nao una mafunzo yake. Alalaye chali huona nguvu ya umeme imeongezeka ghafla, kwa sababu ugwe, ambao huelea katika maji yake, husogea nyuma ukaukaribia waya. Akisimama, nguvu hupungua. Kikohozi na chafya navyo huiongeza ghafla kwa kitambo kidogo tu. Hakuna dhara katika hilo, walakini hushtua, na mwenye mapigo yanayohisika hufanya vyema kupunguza nguvu kwa rimoti kabla ya kujilaza, na kuiweka rimoti hiyo mahali ambapo mkono utaifikia gizani.

Kuwa shahidi wa mwili wako

Sasa tumefika kwenye jambo lililo gumu kuliko waya. Desturi iliyokubaliwa ni kuhesabu majaribio kuwa yamefaulu iwapo maumivu yamepungua kwa 50% au zaidi. Mgonjwa huulizwa maumivu yake ni mangapi katika kipimo cha 0 hadi 10, sifuri ikiwa hakuna kabisa na kumi ikiwa mabaya yasiyofikirika. Aliyekuwa na 8 akashuka hadi 4 amefaulu. Ni hesabu nyepesi, na wepesi wake ndio ulio na hila, kwa maana 8 hiyo ilitoka wapi? Mtu aliyeulizwa siku alipokuwa hoi hutaja tisa, na mtu huyo huyo, akiulizwa alasiri moja tulivu, hutaja sita. Kwa hiyo daftari na lianze angalau wiki moja kabla ya waya, kwa namba za asubuhi, adhuhuri na usiku, ili majaribio yawe na kitu cha kulinganishwa nacho.

Namba peke yake hazitoshi. Aandike amekaa kitini dakika ngapi kabla ya kulazimika kuinuka, ametembea mpaka wapi, ameamka mara ngapi usiku. Naliona hili kuwa bora kuliko namba, kwa sababu mtu huweza kujidanganya juu ya tarakimu lakini ni vigumu kujidanganya kwamba umefika dukani ilhali hukufika.

Kisha azihadhari hila tatu. Ya kwanza ni maumivu mapya: siku ya kwanza na ya pili kidonda cha sindano huuma, na mgonjwa husema kifaa kimemzidishia taabu. Ayatenganishe daftarini, kidonda upande wake na maumivu ya zamani upande wake, na hukumu aiahirishe mpaka kidonda kipoe. Ya pili ni kupumzika. Mtu aliyekatazwa kazi zote, akaketi siku tano akihudumiwa, huenda akapata nafuu ambayo umeme haukuileta. Basi ndani ya mipaka aliyowekewa na atembee, aketi kwenye kiti kile kile kinachomtesa siku zote, na asimame jikoni kwa muda wake wa kawaida, ingawa hainui kitu. Ya tatu ni kubadili dawa. Mwenye kuacha vidonge kwa furaha, au kuongeza kwa hofu, pasipo shauri la tabibu, hatajua tena kilichosababisha ni kipi.

Fauka ya hizo lipo tumaini lenyewe, ambalo si hila ya mtu yeyote. Aliyengoja miaka, aliyeuza kitu au kukopa, ambaye mumewe au mwanawe ameomba ruhusa kazini ili amwangalie, hutamani kusema nimepona ili nyuso zilizomzunguka zing'ae. Na mwili nao, kwa muda, hushirikiana na tamaa hiyo kwa unyofu kabisa. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Norway kwa wagonjwa 50 waliokuwa na maumivu ya mguu yaliyobaki baada ya kupasuliwa mgongo, na ambao walikwisha kupandikizwa kifaa; kwa zamu, umeme wa namna moja uliwashwa na kuzimwa pasipo wenyewe kujua, na uwezo wao wa kutenda kazi za kila siku haukuonyesha tofauti ya maana kati ya zamu za umeme na zamu zisizo nao. Hayo hayathibitishi kwamba kifaa hakimfai mtu yeyote, maana wapo ambao kimewarudisha kazini, na Uingereza, kupitia taasisi yake iitwayo NICE, ilikiidhinisha mwaka 2008 kwa maumivu makali ya mishipa ya fahamu yaliyodumu miezi 6 au zaidi, kwa sharti la majaribio yaliyofaulu. Yanathibitisha tu kwamba nafuu ya siku chache ni shahidi mmoja, tena shahidi anayependa kusifu.

Jambo hilo hunifanya niseme neno juu ya mtu mmoja ambaye mgonjwa humpenda upesi. Marekani, anayerekebisha mapigo na kupiga simu kila asubuhi kuuliza hali mara nyingi ni mjumbe wa kampuni iliyotengeneza kifaa. Aghalabu ni mstahiki, mjuzi wa kazi yake, na ushauri wake juu ya rimoti unafaa kusikilizwa. Lakini kampuni hupata faida kifaa kikipandikizwa, na kwa hiyo daftari na lipelekwe kwa tabibu, lisisomwe kwenye simu likaishia hapo.

Dalili zisizongoja asubuhi

Usumbufu mwingi wa siku hizi huweza kungoja. Haya hayangoji, hata iwe usiku wa manane:

- mguu kulegea au kufa ganzi kuliko ulivyokuwa;
- kushindwa kuzuia mkojo au choo, au kushindwa kukojoa;
- maumivu makali mapya ya mgongo yanayozidi kwa saa;
- homa, baridi ya kutetemesha, usaha au wekundu penye waya;
- shingo kukakamaa.

Kichwa kinachouma sana mtu akiketi au kusimama na kupoa akilala ni dalili kwamba huenda sindano imetoboa utando na maji ya ugwe yanavuja. Aghalabu hutibika, ila tabibu apewe habari siku hiyo hiyo. Waya ukitoka kidogo, usirudishwe ndani kwa mkono wowote, hata wa muuguzi wa jirani.

Waya ung'olewapo

Kuutoa ni kazi ya dakika chache: plasta hubanduliwa, waya huvutwa, na wengi husema hawakuhisi kitu. Linaloumiza huja baadaye, pale maumivu ya zamani yanaporudi baada ya saa au siku chache, nayo kwa aliyeonja nafuu huonekana makali kuliko yalivyokuwa. Huo si wakati wa kutia sahihi. Kati ya majaribio na upasuaji wa kudumu kwa kawaida hupita wiki kadhaa, na muda huo na utumiwe kulisoma daftari upya, pamoja na mtu wa nyumbani aliyeona kwa macho yake, ambaye pengine atakumbuka kwamba siku ya nne mgonjwa alicheka.

Aliyeona nafuu ya 30% au 40% yuko mahali pagumu kuliko wote, na namshauri aulize kama namna nyingine ya mapigo ilijaribiwa, kabla ya kusema ndiyo kwa kukata tamaa. Ambaye hakuona kitu amepata faida iliyo wazi: ameepuka kupandikizwa mtambo usiomfaa. Katika miaka 4 iliyoishia Julai 2020, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipokea taarifa zaidi ya 107,000 zinazohusu vifaa hivi, za madhara na za hitilafu, na ingawa taarifa si ithibati kwamba kifaa ndicho kilichosababisha, ndizo zilizoifanya mwaka huo iwakumbushe waganga wasimpandikize mtu asiyepitia majaribio kwanza. Tena, kwa kusema kweli yote, utafiti mmoja wa Uingereza haukuona kwamba waliopitia majaribio walipata nafuu kubwa zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopandikizwa moja kwa moja. Kwa hiyo anayesema ndiyo ajue kwamba kufaulu wiki moja hakumwahidi mwaka wa tano.

Na kwa msomaji anayetibiwa ng'ambo huku nia yake ni kurudi Mombasa, Unguja au Bukavu, yapo maswali ambayo tabibu wa huko hatayafikiria asipoulizwa. Betri ni ya kuchajiwa, au ni ile inayokwisha baada ya miaka michache na kutaka upasuaji mwingine? Chaja ikiharibika itapatikana wapi, na umeme wa nyumbani ukikatika siku mbili, kifaa kitavumilia? Nani, katika nchi nitakayokaa, ana kompyuta ya kukirekebisha? Je, nitaweza kuingizwa katika mashine ya MRI, sehemu zote za mwili au baadhi tu, na kwa masharti gani? Jibu la swali hilo la mwisho aliombe kwa maandishi, pamoja na kadi yenye jina na namba ya kifaa, na nakala yake aipige picha katika simu ya mtu mwingine wa nyumbani.